Sahani Juu ya Friji

Binti mmoja nisiyemjua alinisubiri nje ya ukumbi ibada ya Kiswahili ilipokwisha, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Wewe ndiye Kenya?" Imepita karibu miaka ishirini tangu mtu aniite hivyo. Siku hizi hapa Doha mimi ni Mzee Wafula wa mabasi, msimamizi wa madereva wa shule, mtu wa miwani na vidonge vya presha, na vijana wanaofika kutoka nyumbani hunisalimia kwa kuinama kidogo. Kenya niliitwa mwaka mmoja tu, katika chumba kimoja cha Najma, na walioniita hivyo nilijua wametawanyika zamani. Binti akasema anaitwa Rubina, ni muuguzi, kwao ni Sialkot, Pakistan. Baba yake alikuwa Bashir. Alifariki kabla ya Krismasi kwa ugonjwa wa figo, naye alipata ruhusa ya kazini akaenda kumzika. "Kwenye simu ya mwisho alisema nikutafute," akaniambia. "Alisema, huko kuna Mkenya anaitwa Wafula. Wenzangu wote walipokataa kula nami, yule alichukua sahani yake akaja kukaa na mimi." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mbele ya watu, akanialika chakula Ijumaa inayofuata nyumbani kwake Fereej Bin Mahmoud. Nikasema nitakuja. Nilichopaswa kusema ni hiki. Sikuchukua sahani yangu, wala sikukaa na baba yake. Jambo alilomsimulia mwanawe halikutokea.

Kwa hiyo wiki nzima nimekuwa nikiishi tena katika chumba kile. Kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, na dirisha lake lilitazama mashine za kupoza hewa za jirani, zikitudondoshea maji ukutani mchana kutwa. Vitanda vilikuwa vinne vya chuma, viwili chini na viwili juu. Friji lilisimama pembeni karibu na mlango, limefunikwa kitambaa cha maua kama mtu wa heshima. Tulikuwa watu wanne. Chaudhri Nazir, dereva wa trela, ndiye mwenye chumba, maana mkataba ulikuwa kwa jina lake. Alikuwa mtu mnene mwenye masharubu ya kupakwa hina na kicheko cha kuamsha mtaa. Rafiq alikuwa seremala, na hakuna aliyemwita Rafiq. Wote walimwita Mistri, yaani fundi, hata yeye mwenyewe alijitaja hivyo kwenye simu. Bashir alikuwa fundi wa rangi, mwembamba, mtaratibu, kucha zake daima na doa jeupe. Na mimi, miaka ishirini na sita, dereva wa gari la dobi, ambaye kampuni ilikuwa imemwambia ajitafutie pa kulala. Wao watatu walikuwa Wapunjabi. Mimi niliingizwa kwa hisani ya msimamizi wangu, rafiki wa Chaudhri, na kwa miezi ya kwanza tuliongea kwa Kiarabu cha kuunga-unga, hadi Kiurdu kikanikaa mdomoni.

Bashir ndiye aliyepika. Sisi wengine tulinunua vitu na kuosha vyombo, lakini unga ulikuwa wa Bashir. Nikifunga macho naisikia mikono yake ikipigapiga donge la unga kutoka kiganja hadi kiganja, kisha roti inatua juu ya chuma na harufu inaanza kupanda. Alipika dengu akazikaangia kitunguu saumu na bizari nzima mwishoni, na ile sauti ya mafuta ya moto yakimwagwa juu ya dengu ndiyo iliyokuwa kengele yetu. Tulitandika kitambaa cha plastiki sakafuni, tukakaa kukizunguka, tukamega kutoka rundo moja. Chaudhri alikuwa akiinua roti ya kwanza juu, anaitazama, anasema, "Mama yangu mwenyewe hakunifikisha hapa," na Bashir anacheka akiangalia chini. Nilinenepa mwaka ule. Nilikuwa mbali na kwetu kwa mara ya kwanza maishani, na kwenye kitambaa kile niliona nimepata watu.

Jioni yangu ya kwanza Chaudhri aliniuliza, "Zaat yako nini?" Akaeleza kwa vidole kwamba ni aina ya watu unaozaliwa nao. Nikafurahi, maana hilo nalijua. Kwetu Bungoma watu wawili wakikutana hawamalizi salamu kabla ya kuulizana ukoo. Nikamwambia mimi ni Mbukusu wa ukoo wa Balunda, na kwamba siwezi kuoa Mlunda mwenzangu hata awe malaika. Alipiga paja kwa furaha. "Hawa nao ni watu kamili!" akamwambia Mistri. Kisha akanitajia za kwao. Yeye ni Jat, ukoo wa Warraich, wenye mashamba. Mistri ni Tarkhan, seremala mwana wa seremala, na baba yake ndiye aliyemchongea baba yake Chaudhri majembe, akilipwa ngano kila mavuno. "Na Bashir?" nikauliza. Bashir alikuwa akikanda. "Bhatti," akasema. Chaudhri akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Rajput. Watu wa upanga." Bashir akaendelea kukanda. Tangu siku hiyo zaat ikawa mchezo wangu. Nikipeleka nguo za hoteli nawauliza walinzi na wapishi, wewe nani, na ukoo gani, na unaweza kuoa wapi, kisha jioni namletea Chaudhri habari kama mtu aliyetumwa sokoni. Nilidhani zaat ni ukoo tu kwa lugha nyingine. Niliona kila siku kwamba Mistri hukaa upande wa mlangoni, na kwamba yeye ndiye anayeinuka maji yakihitajika, ingawa alimzidi Chaudhri umri kwa miaka minane. Niliona, nikadhani ni upole wake. Leo nashangaa jinsi mtu anavyoweza kutazama jambo mwaka mzima asilione.

Ijumaa ilikuwa siku ya mapumziko. Chaudhri alikwenda msikitini, Mistri alikwenda akiamka, na Bashir baada ya chai ya asubuhi alisema anakwenda kwa binamu yake eneo la viwanda. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Mimi nilikwenda kanisani, upande wa Abu Hamour, kwenye ule uwanja mkubwa wenye makanisa yote ndani ya ukuta mmoja, ambako kila ukumbi una lugha yake na saa yake. Wote chumbani walijua mimi ni Mkristo. Chaudhri alikuwa akinitania, "Kenya, utuombee na sisi," na kunibakishia nyama. Basi Ijumaa moja, mwezi wa nane au wa tisa tangu niingie chumba kile, ibada yetu ilichelewa na nikapita mbele ya ukumbi ambao watu wake walikuwa wakitoka. Ndani kinanda cha mkono na ngoma vilikuwa bado vinalia, zaburi kwa Kipunjabi. Na katikati ya watu wale, akiwa amevaa shati lake la mistari ya kijani, akimbeba mtoto wa mtu begani na kucheka kwa mdomo wazi, alikuwa Bashir. Nilimwita. Kelele zilikuwa nyingi, hakusikia, umati ukamfunika. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo hapa Doha. Njia nzima ya kurudi Najma nilikuwa nikicheka peke yangu: kumbe ndugu yangu yuko chumba kimoja na mimi, na hakuniambia!

Tulikuwa tumeshaketi kwenye kitambaa, saa nane mchana, roti zimefika, Chaudhri ameinua yake ya kwanza. Nikasema kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema, "Bashir bhai, ndugu yangu, mbona ulinificha? Leo nimekuona kanisani." Mkono wa Chaudhri ukabaki hewani. Bashir hakuinua macho. Mistri, ambaye sikuwahi kumjua kwa haraka, akasema haraka, "Utakuwa umemfananisha, Kenya. Wapunjabi tunafanana." Alikuwa akinifungulia mlango. Nimeufikiria mlango huo mara nyingi kuliko jambo lolote la ujana wangu. Lakini mimi ni mtu wa kutopenda kuambiwa nimekosea, nina kichwa cha sura, nilijua barabara nilichokiona. "Simfananishi," nikasema. "Alikuwa na shati hilohilo la mistari. Alikuwa anatoka kwenye ibada ya Kipunjabi." Nilisikia maji ya mashine za jirani yakidondoka. Kisha Bashir akasema, "Ni mimi."

Chaudhri aliirudisha roti kwenye rundo. Hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nasubiri kelele. Aliinuka, akaenda bafuni, tukamsikia akisukutua mdomo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliporudi alikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona. "Bhatti," akasema. "Amejiita Bhatti." Akatamka neno jingine, ambalo sitaliandika, kwao ni jina la watu waliozaliwa kufagia vyoo na kubeba mizoga, na linatamkwa kama mtu anayetema; kwao Punjab, mtu akiwa Mkristo huhesabiwa mara moja kuwa mzao wa watu hao. Roti zile zote zikatiwa kwenye mfuko, Mistri akaambiwa azipeleke kwenye pipa la taka la mtaani. Akaenda.

Kesho yake jioni kulikuwa na sahani mpya ya bati juu ya friji, na kikombe kimeinamishwa juu yake. Mistri alikuwa ameigonga ukingoni kwa msumari, vidoti vitatu, isije ikachanganyika na nyingine. Bashir hakufukuzwa, Chaudhri alijiona mwema kwa hilo, na alilisema. Angekaa hadi mwisho wa mwezi unaofuata. Asiguse unga, asifungue friji, ale karibu na mlango. Mistri ndiye angepika, na alipika vibaya, roti zikitoka nene katikati na mbichi, na Chaudhri akazila bila neno. Mimi nikamfuata Chaudhri alipokuwa akifua ngazini. "Chaudhri sahib, mimi pia ni Mkristo. Nimekula na wewe miezi minane." Akanitazama kwa upendo, na upendo huo ndio ulionishinda. "Wewe ni mgeni, beta, mwanangu. Dini yako ni dini ya Kitabu, sina neno nayo. Wewe huna zaat yetu. Babu yako hakufagia ua wa babu yangu." Akakamua shati. "Kwetu, watu wake walikuja jioni mlangoni kuchukua roti. Mama yangu aliziachia kutoka juu, zidondoke mikononi mwao, vidole visigusane. Mimi nilikuwa mtoto, niliona. Na sasa mikono hiyo imenilisha mimi, miezi yote hii, na nikasema inapita ya mama yangu." Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ameumia kweli, sitamsingizia. Ndipo nilipoelewa, nikiwa nimechelewa, kwamba jambo hili halikuwa ukoo, wala dini. Ukoo wangu ulinipa wajomba. Zaat ya Bashir ilikuwa imemfuata kuvuka bahari ili kumwonyesha pa kukaa.

Bashir nilimkuta juu ya paa, kwenye kamba za nguo, jua likizama. Nilianza kuomba msamaha na akanizuia kwa mkono. "Hukujua," akasema. "Kanisani kwetu wapo wanaojua ninavyojificha hapa, hawasemi. Wewe hukujua." Akaniambia Bhatti si uongo, bibi yake mzaa baba ndiye aliyemwambia wao ni Bhatti, na bibi huyo aliambiwa na bibi yake. "Waliuliza, nikajibu. Hawakuuliza zaidi." Akatazama majengo yaliyokuwa yakijengwa kule West Bay, winchi zimesimama. "Kipande cha roti hakinisumbui, Kenya. Mtu hula popote. Kinachonichoma ni kula nikiwa nimetazama mlango." Kisha akaniomba jambo moja tu, na aliliomba kwa shida, akivutavuta kamba. "Kesho wakitandika, njoo ukae na mimi. Usiseme lolote, usigombane na mtu. Kaa tu." Nikamwambia nitakaa. Nikamshika bega. Nilimaanisha, na hilo halinisaidii.

Asubuhi nilimkuta rafiki yangu Mutua, Mkamba wa kutoka Machakos, mlinzi kwenye hoteli nilikochukulia nguo, nikamsimulia huku tunapakia. Akasikiliza akikuna kidevu. "Buda, hiyo story si yako," akasema. "Hao wameanza hayo mambo kabla ya babu yako kuzaliwa. Ukienda kukaa kwa mlango na yeye, Chaudhri atakuambia nini?" Nikasema sijui. "Unajua. Atakuambia utoke. Utalala wapi? Kwa gari? Camp yetu imejaa, na msimamizi wako ni beshte yake." Nikamwambia nimeahidi. "Sawa, umeahidi. Kwani nani alikuambia uahidi? Linda bed space, Wafula. Siku ingine utamsaidia na kitu kingine." Mutua hakuwa mtu mbaya. Alisema tu lile ambalo sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa tayari imelisema, nikafurahi kulisikia kwa sauti ya mtu mwingine.

Jioni nilipoingia, kitambaa kilikuwa kimetandikwa. Chaudhri na Mistri wameketi. Bashir alikuwa ameketi karibu na mlango, kando ya friji, sahani yenye vidoti mapajani. Mbele yake alikuwa ametandika gazeti. Alikuwa amelikunjua lote, kurasa mbili, upana wa kutosha watu wawili, na upande mmoja ulikuwa wazi. Nikachukua sahani yangu jikoni. Kutoka mlango wa jiko hadi kwenye gazeti ni hatua nne. Nimezihesabu mara nyingi. Chaudhri akapigapiga sakafu kando yake, akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Njoo Kenya, kaa, inapoa." Na mimi nikaenda nikakaa. Hakunishurutisha. Hakunikazia macho. Aliniita kwa chakula, nami nikaitika. Nilipopata ujasiri wa kutazama upande wa mlango, Bashir alikuwa akilikunja gazeti katikati, taratibu, akiunyoosha mkunjo kwa kidole gumba. Kisha akala. Hakunitazama wakati ule, na baadaye hakuniuliza.

Tulikula hivyo wiki tano. Kila siku nilijiambia kesho. Ukishashindwa siku ya kwanza, ya pili inadai maelezo, na ya kumi huwezi tena. Bashir alinisalimia asubuhi kama kawaida, aliniuliza habari za gari, siku moja alinishonea kifungo. Aliondoka nikiwa kazini. Nilirudi nikakuta godoro limekunjwa, na juu ya friji, kwenye kitambaa cha maua, mduara safi katikati ya vumbi. Alikuwa ameibeba ile sahani. Miezi michache baadaye kampuni ilinipa kitanda Abu Hamour nami nikahama. Chaudhri alinikumbatia mlangoni, akalia.

Ijumaa nilinunua maembe nikaenda Fereej Bin Mahmoud. Rubina anaishi na wauguzi wengine wawili, walikuwa zamu. Ni chumba safi, picha ya baba yake iko juu ya televisheni, amezeeka, mwembamba vilevile. Alikuwa amepika dengu, na nilipokuwa nanawa mikono nilisikia mafuta ya moto yakimwagwa juu yake, ile kengele yetu ya Najma. Nilipogeuka alikuwa ameshanipakulia. Ile sahani. Bati limechoka, lakini vidoti vitatu viko ukingoni. "Nimeibeba kutoka kwenye mazishi," akasema. "Baba hakuruhusu mtu mwingine aitumie. Alisema ikitokea nikupate, nikulishe kwa hii."

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa Kiurdu changu cha Najma, ili nisipate maneno mazuri ya kujifichia. Nilimwambia ni mimi niliyemtaja baba yake mbele ya wenzake, na kwamba Mistri alinipa nafasi ya kunyamaza nikaikataa. Nikamwambia vidoti vile ni vya nini, maana alidhani ni alama ya mwenye mali. Nikamwambia kuhusu paa, ahadi, na gazeti. "Sikukaa naye," nikasema. "Hata siku moja. Alikwambia hivyo kwa wema wake, lakini sikukaa."

Rubina alikiweka kijiko kando ya sufuria. Uso wake ulikuwa umefungwa, na nikadhani ataniomba niende, na ningekwenda. Hatimaye akasema, "Mama alikuwa akimuuliza, huyo Mkenya wako mbona hapigi simu, kama alikupenda hivyo? Baba akasema, labda anaona haya." Akaitazama picha juu ya televisheni. "Mimi nilikuwa sielewi, haya ya nini."

Alifuta macho kwa mgongo wa mkono. Hakusema amenisamehe, na sikuona kwamba ninastahili kumuuliza. Alileta sahani nyingine, ya kwake, akaiweka kando ya ile ya bati. Akavuta kiti, akaketi, akanionyesha changu.

"Basi kula sasa, chacha," akasema, akiniita baba mdogo. "Inapoa."

Hatua zilikuwa mbili tu. Nikaenda, nikakaa.